Mkubwa na Watu Wake: Mafunzo ya Uhud na Khandaq

(Hotuba iliyosomwa mbele ya hadhara ya Jumuiya)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Waheshimiwa wazee, ndugu Waislamu, na vijana wa madrasa,

Kila jumuiya ina watu waliopewa amana ya kuwaongoza wenzao. Yuko mwenyekiti wa kamati ya msikiti, yuko msimamizi wa maziko, yuko mwalimu mkuu wa madrasa, na yuko fundi aliyewekwa juu ya mafundi wengine. Hawa si wafalme, wala hawana askari. Wanaongoza watu ambao wakichukia huondoka, na wakivunjika moyo hunyamaza. Basi uongozi wa namna hii una uzito wake, na swali kubwa lililomo ndani yake ni hili: mkubwa awafanyie nini watu wake siku ya pili, baada ya jambo kuharibika?

Jambo likifanikiwa, kila mtu huweza kuongoza. Walakini shauri lililokubaliwa na wengi likileta hasara, hapo ndipo mkubwa hujulikana. Wengi hufunga mlango. Husema kuwa watu walisikilizwa na matokeo yake ndiyo hayo, na tangu siku hiyo huamua peke yao. Sira ya Bwana Mtume (S.A.W.) inatoa jawabu la swali hili katika vita viwili, Uhud na Khandaq, ambavyo kati yake ilipita miaka miwili tu.

Katika Mfungo Mosi wa mwaka wa 3 wa Hijra (625), Makureshi walikuja Madina na watu 3,000 kulipa kisasi cha Badri. Mtume (S.A.W.) aliwakusanya watu wake akawataka shauri. Rai yake mwenyewe ilikuwa kubaki mjini na kupigana humo. Lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kuhudhuria Badri, walitaka kutoka. Akaifuata rai yao, akaingia nyumbani akavaa deraya. Alipotoka, wale vijana walikuwa wamekwisha kujuta, wakamwambia kuwa akipenda na abaki. Akakataa, kwani Mtume akishavaa silaha haimpasi kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu.

Hapa pana funzo la kwanza. Kushauriana kuna wakati wake na kuazimia kuna wakati wake. Mkubwa asiyetaka shauri huwadhulumu watu wake, na mkubwa anayebadili azimio kila anapokutana na mtu mlangoni huwachosha. Kamati ikikaa Ijumaa ikakata neno, kisha Jumamosi neno likageuzwa barazani, basi kikao kijacho hapana atakayeona faida ya kuja.

Waislamu walitoka 1,000, na njiani wakarudi watu wapatao 300 pamoja na Abdallah bin Ubayy, wakabaki 700. Mtume (S.A.W.) akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, akamfanya Abdallah bin Jubair kuwa mkubwa wao. Amri aliyowapa haikuwa na utata: wasiondoke pale, wawaone wenzao wanashinda au wanashindwa, mpaka awapelekee mjumbe. Vita vikaanza, Makureshi wakakimbia, na ngawira ikaonekana chini. Wengi katika wale wapiga mishale wakateremka. Abdallah bin Jubair aliwakumbusha amri lakini hawakusikia. Akabaki yeye na wachache, wakauawa pale pale, pale Khalid bin Walid alipozunguka na wapanda farasi. Waislamu 70 walikufa mashahidi, na miongoni mwao alikuwa Sayyidna Hamza. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Zitazameni hesabu za siku ile. Walioshikilia kutoka mjini rai yao ilileta msiba. Walioacha kilima walivunja amri iliyo wazi. Lau angelikuwa mkubwa mwingine, angelisema kuwa watu hawa hawafai kuulizwa neno tena.

Lakini baada ya Uhud ikateremka aya ya 159 katika Sura ya Aal Imran. Maana yake ni kuwa upole wa Mtume kwa watu wake ni rehema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, na lau angelikuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangelimkimbia. Kisha akaamrishwa mambo kwa taratibu yake: awasamehe, awaombee maghufira, ashauriane nao, na akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Amri ya kushauriana imekuja baada ya kushindwa, na inahusu watu wale wale waliokosea. Wahenga wa Kiswahili walisema mkubwa ni jalala: kila taka hutupwa kwake naye hustahimili. Hilo ndilo funzo la pili, na ndilo zito kuliko yote. Kusamehe peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kusamehewa kisha akawekwa kando asiulizwe neno maisha yake yote, na msamaha wa namna hiyo ni nusu ya msamaha.

Matunda yake yalionekana baada ya miaka miwili. Mwaka wa 5 wa Hijra (627) makabila yaliungana, yakaja Madina na watu wapatao 10,000. Waislamu walikuwa kama 3,000. Mtume (S.A.W.) akakusanya watu, kwa mara nyingine akawataka shauri. Safari hii aliyesimama na rai alikuwa Salman, Muajemi. Hakuwa Mkureshi wala Muansari. Alikuwa mtumwa aliyekomboka karibuni, na utumwa ndio uliomzuia kuhudhuria Badri na Uhud. Akaeleza kuwa kwao Uajemi watu wakiogopa wapanda farasi huchimba handaki. Waarabu hawakuwa na mazoea ya vita hivyo. Rai ikakubaliwa, na ndiyo iliyouokoa mji.

Yapasa tujiulize: lau mlango wa shauri ungelifungwa baada ya Uhud, Salman angelisemea wapi? Katika miji ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, Waislamu wa jumuiya moja huwa ni wa asili nyingi: wapo Wamanyema, wapo watu wa Ujiji, wapo wa Pwani, wapo Waarabu, na wapo wenyeji wa nchi. Mkubwa anayewauliza jamaa zake tu hukosa rai ya Salman wake, naye pengine amekaa safu ya nyuma, hana ukoo mkubwa, wala hajaulizwa neno tangu afike mjini.

Funzo la tatu ni la kugawa kazi. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikata mistari ya handaki, akawapa kila watu kumi dhiraa 40. Basi kila kundi likajua mahali pake pa kuanzia na pa kuishia. Muhajirina na Ansari waliposhindana juu ya Salman, kila upande ukimtaka, kwani alikuwa mtu mwenye nguvu, Mtume alimaliza shindano kwa kumnasibisha na watu wa nyumba yake mwenyewe. Kazi isiyo na mpaka huwa ya kila mtu, na ya kila mtu huwa si ya mtu yeyote. Mkubwa akisema tu kuwa vijana wasafishe makaburini, hapana atakayekwenda. Akisema kundi hili lisafishe kuanzia mwembe mpaka ukutani, kazi itakwisha, na aliyezembea atajulikana bila ya kutukanwa.

La nne, mkono wa mkubwa uwe ndani ya kazi. Mtume (S.A.W.) alibeba udongo mpaka vumbi likaufunika mwili wake, naye alikuwa na njaa kama wenzake. Lilipowashinda jabali, aliitwa, akashuka akalipiga kwa sururu mwenyewe. Na Jabir bin Abdallah alipochinja kijibuzi na kupika shayiri kidogo, akamwalika kwa siri pamoja na watu wachache, Mtume aliwaita wachimbaji wote. Wakala wote wakashiba kwa baraka yake Mwenyezi Mungu. Muujiza ni wa Mitume. Lakini kukataa kula peke yake hali wenzake wana njaa, hilo kila mwenyekiti analiweza.

La tano, mkubwa akubali kuambiwa hapana. Mazingira yalipozidi, Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwapa Ghatafani thuluthi ya tende za Madina ili waondoke. Akawauliza Saad bin Muadh na Saad bin Ubada. Wao wakauliza kwa adabu: je, hii ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni jambo analowafanyia wao kwa kuwahurumia? Walipojua kuwa ni kwa kuwahurumia, wakasema hawataki, na mapatano yakaachwa. Wale waliouliza hawakuambiwa kuwa wamevunja heshima. Tende zilikuwa zao, na mwenye mali ana haki ya kuulizwa kabla mali yake haijatolewa. Wenye kushika fedha za sandaka na walifahamu hili.

La sita, ni kumjua mtu na kumpa kazi kwa jina lake. Usiku wa mwisho ulikuwa wa baridi na upepo mkali. Mtume (S.A.W.) alitaka mtu wa kwenda kupeleleza kambi ya maadui, aliuliza mara tatu, hapana aliyesimama kwa njaa, hofu na baridi. Hakuwatukana. Alimwita Hudhaifa kwa jina, akamwekea mpaka: alete habari, wala asiwachokoze. Hudhaifa alifika akamwona Abu Sufyan anaota moto mgongoni. Akatia mshale katika upinde, kisha akakumbuka agizo, akaushusha. Aliporudi akitetemeka, Mtume alimfunika kwa nguo yake. Asubuhi maadui walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ndugu Waislamu, ulinganisheni mshale ule na mishale ya Uhud. Uhud watu 50 walipewa amri iliyo wazi, na wengi wao wakaivunja walipoona faida. Khandaq mtu mmoja, peke yake gizani, hana wa kumwona, alipata nafasi kubwa kuliko ngawira, na akashika amri. Baina ya usiku ule na siku ile ilipita miaka miwili ya kusamehewa, kuulizwa, kuchimba pamoja na kula pamoja. Watu hawakubadilishwa kwa viboko.

Basi aliye mkubwa wa watu wawili au mia mbili, na arudi kwake leo amtafute yule ambaye rai yake iliwahi kuleta hasara, na ambaye tangu siku hiyo hakuulizwa tena. Amkaribishe kikaoni, ampe nafasi ya kusema, na amsikilize mpaka mwisho.

Mwenyezi Mungu awape wakubwa wa jumuiya upole na uthabiti, awape wafuasi utiifu na ujasiri wa kusema kweli, na aunganishe nyoyo za Waislamu. Amin.

Wabillahi taufiq.