Malaria Ilivyochagua Damu Yetu



Mfugaji wa Bariadi hangoji mtaalamu amweleze maana ya kuchagua. Akitazama zizi lake anajua dume lipi libaki la mbegu na lipi lihasiwe liwe maksai wa kuvuta plau. Baada ya vizazi kadhaa kundi lake limebadilika sura.

Charles Darwin, Mwingereza, alianzia hapo hapo. Aliwatazama wafugaji wa kwao, kisha akajiuliza: huko porini kusiko na mfugaji, nani anachagua? Jibu lake, ambalo Alfred Russel Wallace naye alilifikia kwa njia yake, lilisomwa London mwaka 1858. Mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu. Viumbe wa aina moja hawalingani, na baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Basi wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha watoto wengi zaidi. Hakuna anayekaa kuchagua. Mazingira ndiyo yanayochuja. Huo ndio uteuzi wa asili.

Wengi wetu tukisikia jina la Darwin hukimbilia ubishi wa nyani. Leo tuuache, tutazame damu yetu wenyewe.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Alikuta chembe ya urithi ya sikoseli, ugonjwa tunaouita pia selimundu, kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100 huko pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Nyanda za juu zenye baridi ilikuwa adimu. Pale palipokuwa na malaria nyingi, sikoseli nayo ilikuwa nyingi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo ya sababu.

Mtoto akirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, haugui selimundu, na malaria kali haimwui kirahisi. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembechembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Asiyeirithi kabisa hana selimundu, lakini malaria humkuta hana ngao hiyo. Kwa vizazi vingi vifo vilichuja pande zote mbili, akabaki kuzaa zaidi yule wa katikati. Ndiyo maana chembe inayoua haikwisha.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumo ndani ya hesabu hiyo. Utafiti wa watoto wadogo wa mikoa ya kaskazini-magharibi, Simiyu ukiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa kama mtoto mmoja katika kila watano amebeba chembe hiyo, na watoto 12 hivi katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe.

Sasa mtoto akivimba vidole na kulia usiku kucha, majirani husema nini? Karogwa. Au mama mkwe anamnyooshea kidole mke wa mwanawe: ukoo wenu una damu mbaya. La hasha! Chembe moja imetoka kwa mama, ya pili imetoka kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa. Na hiyo inayoitwa damu mbaya ndiyo iliyowavusha mababu wa pande zote mbili.

Uteuzi wa asili hauna huruma wala mpango. Huruma ni kazi yetu. Vijana wapime kabla ya ndoa, siyo ili wakimbiane, bali wajue. Mtoto apimwe mapema, aanze kliniki, alale ndani ya chandarua, maana malaria humwumiza sana mgonjwa wa selimundu. Mbebaji naye asijidanganye. Malaria anaugua, na chandarua kinamhusu.

Na baba anayetaka kumrudisha mkewe kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa, atangulie yeye hospitali akapimwe. Majibu yatamnyamazisha.

Kwa leo naishia hapo.