Je, Hiyo Yaweza Kusimama?

Wengi wetu twaijua baiskeli tangu utoto. Twaijua ile nyeusi, nzito, yenye keria nyuma, iliyobeba maziwa, magunia ya mahindi na hata wagonjwa. Na huko Busia ilivusha watu mpakani mpaka ikapewa jina la bodaboda. Leo twataka kuzungumza juu ya ndugu yake mdogo, baiskeli ya milimani, ambayo sisi wachache wa mtaa wetu huiendesha Jumamosi asubuhi.

Tairi zake ni pana na zina meno. Usukani wake umenyooka, gia zake zatosha kupandia mlima, na uma wa mbele una springi za kumeza mashimo. Bei yake ni kubwa, hatufichi, na wengi wetu tulinunua zilizokwisha kutumika. Mfukoni twachukua tyubu moja, pampu, viraka na gundi, vyuma vya kutolea tairi, na maji ya kunywa. Helmeti haina mjadala kwetu. Asiyeivaa hubaki nyumbani. Wako watu huzungumza vifaa mpaka jua likachwa, na baiskeli zao hazijaonja vumbi.

Njia tunazo. Pale Nairobi kuna msitu wa Karura, hekta zipatazo 1,000, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwezi wa Januari 1999 kwa ajili ya kuutetea usigawanywe. Leo baiskeli hupita humo chini ya miti. Huko Hell's Gate, karibu na Naivasha, mtu aruhusiwa kuendesha kati ya pundamilia na twiga. Lakini njia tunazozipita zaidi hazina lango wala kibao. Ni vijia vya Ngong, vilivyokanyagwa na ng'ombe na akina mama.

Katika kijia kimoja cha namna hiyo, tukiwa juu tayari kuteremka, alitokea mama mzee mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Alizitazama baiskeli zetu kwa makini, kisha akauliza, "Wanangu, hiyo yaweza kusimama?"

Tukamjibu, "Ndiyo, mama, yasimama."

"Haya, simameni basi nipite. Ninyi mwacheza, mimi naenda nyumbani."

Tukasogea kando. Watu wengi hutuuliza bei, na vijana hutuuliza mwendo. Huyu mama aliuliza juu ya breki, maana ni yeye atakayegongwa.

Hata walioanzisha mchezo huu walifundishwa na breki. Katika miaka ya 1970, huko California, Marekani, vijana walichukua baiskeli kuukuu za tairi nene wakashindana kuteremka njia moja ya mlimani inayoshuka kama mita 400 kwa safari isiyofika kilometa 4. Mashindano hayo yalianza 1976. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilipata moto hata grisi ikageuka moshi. Kila wakifika chini iliwapasa kufungua kitovu na kukijaza grisi mpya, na njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena.

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya tunda la Roho, neno alilolitaja mwisho ni kiasi. Mlimani kiasi huanza kabla ya kona. Twapunguza mwendo tukiwa bado tumenyooka, tukibana breki zote mbili polepole. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafula yaweza kukurusha juu ya usukani. Kila Jumamosi kabla ya kuondoka twazikagua, na iliyolika haiendi safari. Tukiona mtu, ng'ombe au mtoto mbele, twashuka, twasalimu, twapita kwa miguu. Kijana aonaye haya kushuka twamweka nyuma ya mstari mpaka azoee.

Mvua kubwa za Aprili zikianza, twaviacha vijia vya udongo mpaka vikauke. Tairi lenye meno huchimba mfereji mwembamba katika tope, maji yakaufuata, na kabla ya mwaka kwisha pamekuwa korongo ambalo yule mama atalivuka na kuni zake.