Mbegu ya Kondoo Dume Ina Saa Zake

(Maandishi ya mazungumzo kwa wafugaji wa Kambi Muru, Kibra)



Anayefuga kondoo wawili au watatu nyuma ya nyumba hapa Kibera anaijua shida ya dume. Dume anataka nafasi na chakula, na nafasi yenyewe haipo. Kwa hivyo majike hupandwa na dume yeyote anayepita njiani, ambaye pengine ni baba yao au ndugu yao. Damu ikirudiana hivyo, wanakondoo huzaliwa dhaifu na kukua polepole. Idi ya kuchinja ikifika, hawana bei.

Njia nyingine ni uhimilishaji. Mbegu huvunwa kutoka kwa dume bora, na mtaalamu humpandikizia jike bila dume kufika. Wakenya wengi wanaijua kazi hii kwa ng'ombe. Kituo cha Kabete, ambacho sasa kinaitwa KAGRC, kilianza mwaka wa 1946. Mbegu ya fahali hugandishwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sufuri, na inaweza kukaa hivyo miaka mingi.

Lakini kondoo si ng'ombe. Mlango wake wa kizazi umejikunjakunja, na mrija haupiti kwa urahisi. Mbegu iliyogandishwa ikiachwa hapo mlangoni, nguvu zake huisha kabla ya safari. Ili ishike vizuri, daktari hulazimika kuifikisha ndani ya mji wa mimba kwa upasuaji mdogo. Mbegu iliyopozwa bila kugandishwa hubaki na nguvu zaidi, na inaweza kuwekwa kwenye mlango wa kizazi bila upasuaji. Tatizo lake ni moja: haingoji.

Mbegu ni kitu hai. Ikiwa na joto la mwili hukimbia na kumaliza nguvu zake haraka. Ikipozwa, hutulia na kutunza nguvu. Hata hivyo, mbegu ya kondoo haivumilii baridi ya ghafla. Kwa hiyo kwanza huchanganywa na maji maalumu, mara nyingi yenye maziwa yasiyo na mafuta au kiini cha yai, ambavyo huikinga. Kisha hupozwa polepole hadi nyuzi 15 au nyuzi 5. Kuiweka moja kwa moja juu ya barafu ni kuiua. Hapa ndipo haraka haraka haina baraka.

Ikishapoa, wakati unaanza kuhesabiwa. Ya nyuzi 15 hutumika siku hiyohiyo, ndani ya saa chache. Ya nyuzi 5 hutumika vyema ndani ya saa 24, na kila siku inayoongezeka hupunguza mimba. Mwaka wa 1936, mbegu ya kondoo ilisafirishwa kwa ndege kutoka Cambridge, Uingereza, hadi Poland, safari ya takriban siku mbili, na wanakondoo wakazaliwa. Yawezekana, basi, lakini mfugaji asiweke pesa yake kwenye bahati. Msongamano wa Waiyaki Way au Naivasha Road unatosha kuharibu kazi ikiwa sanduku la baridi halikufungwa sawasawa.

Jike naye lazima awe tayari. Joto lake hurudi kila baada ya siku 17 hivi na hudumu siku moja au moja na nusu; pasipo dume, dalili zake hazionekani kwa urahisi. Ndiyo maana wataalamu hutumia sponji yenye homoni kwa siku 12 hadi 14, kisha huhimilisha kati ya saa 50 na 60 baada ya kuitoa. Majike ya majirani kadhaa yakitayarishwa pamoja, mbegu ya dume mmoja iliyovunwa mara moja inaweza kuwatosha kumi au zaidi, na gharama ikagawanywa.

Kabla ya kulipa, mfugaji aulize maswali matano:

1. Dume ni wa aina gani, na ana undugu na majike haya?
2. Amepimwa magonjwa, hasa brusela?
3. Mbegu ilivunwa saa ngapi?
4. Imesafiri katika nyuzi ngapi?
5. Imetazamwa kwa hadubini leo, na bado inatembea?

Mtoa huduma awe amesajiliwa. Asiyeweza kujibu, aambiwe asante, arudi na sanduku lake.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Mbegu iliyokufa haimwonyeshi mwenyewe dalili yoyote siku ile; hugunduliwa baadaye, pesa zimekwenda na msimu umepita. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Wenye mifugo wanaombwa kufika kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo ya Kibra kwa ushauri kabla ya kutayarisha majike yao.