WAZEE WA UPARE NA SISI: UMRI NI HAKI, SI HISANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

 

Tumetakiwa leo tuseme machache juu ya hali ya wazee. Sisi si wanazuoni, wala si mabingwa wa siasa. Elimu yetu ni ya chuoni na kazi yetu ni ya mizani. Lakini mwenye duka huona mengi. Humjua anayenunua mchele kwa kilo na anayenunua kwa robo, na aghlabu huyu wa robo ni mzee. Na kwa kuwa biashara ya tangawizi ilitufikisha Same, na kutoka Same ikatupandisha mpaka Mamba katika milima ya Upare, twataka tuwasimulie tuliyoyaona huko, kisha tuyapime na yaliyopo kwetu. Mtauliza: Upare na sisi watu wa visiwani wapi na wapi? Subirini kidogo, jawabu itakuja.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2012 Tanzania nzima ilikuwa na wazee 2,507,568 wenye umri wa miaka 60 na zaidi; wanawake 1,307,358 na wanaume 1,200,210. Ilipofika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu wote walikuwa 61,741,120, na wazee walikuwa asilimia 5.7, yaani kiasi cha milioni tatu na nusu. Kwa miaka kumi tu wameongezeka kiasi cha milioni moja. Hata hivyo, katika kila watu 100 wazee hawafiki sita, na huko Ulaya katika kila watu watano mmoja amekwisha pita miaka 65. Basi asituambie mtu kuwa wazee wetu ni wengi hata nchi haiwezi kuwatazama. Nchi yenye wazee wachache na vijana wengi ndiyo yenye wasaa wa kuanza.

Lakini wazee hawakutawanyika sawasawa. Mkoa wa Kilimanjaro, ambamo wilaya ya Same imo, ni katika mikoa inayoongoza kwa fungu la wazee. Na mtu akifika huko hahitaji kusomewa takwimu. Macho yake yatamtosha.

Same ni mji wa bondeni, palipopita njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na reli itokayo Tanga. Bondeni ni nchi kavu, mvua yake ni ya kubahatisha. Ukipanda juu, nchi hubadilika ikawa ya kijani: migomba, kahawa, maharage na tangawizi. Tangu kale Wapare huyazuia maji ya mlimani katika mabwawa madogo wayaitayo ndiva. Usiku maji hukusanyika, mchana hufunguliwa, yakateremka kwa mifereji na kugawiwa mashamba kwa zamu. Mifereji hiyo husafishwa kwa kazi ya pamoja, nao huiita msaragambo. Ni mpango wa busara ambao hata sisi wa visiwani tungeuhusudu.

Sasa sikilizeni tuliyoyaona. Tulipita penye mfereji siku ya kazi, tukawakuta watu wameinama na majembe, na wengi wao vichwa vyao ni vyeupe. Tukauliza, vijana wako wapi? Tukajibiwa kuwa wako Dar es Salaam, wako Arusha, wako Tanga. Mashamba ya mlimani yamegawanywa baba kwa mwana na mwana kwa mjukuu, hata kipande kimekuwa hakimtoshi mtu kuoa nacho. Kijana huteremka kutafuta maisha, na hapana wa kumlaumu. Lakini nyumbani hubaki bibi na babu, na aghlabu hubaki na wajukuu pia. Basi mzee aliyestahiki kupumzika ndiye alimaye, ndiye achotaye maji, na ndiye atafutaye daftari la mtoto wa skuli.

Mwanawe akipata huleta fedha kwa simu; asipopata huleta salamu. Wala hatusemi kuwa vijana wa Upare wamewatupa wazee wao, kwani sisi wenyewe tumewaona wakirudi sikukuu na magunia ya vyakula. Twasema kuwa mapenzi ya mtoto ni kitu kimoja na haki ya mzee ni kitu kingine, na nchi haifai kuiegemeza haki juu ya bahati ya mtoto.

Katika kijiji kimoja tulimkuta bibi kizee anayetembelea fimbo. Alitueleza kuwa aliteremka mlima kwenda kutibiwa, akaulizwa kitambulisho cha kuthibitisha umri wake. Hanacho. Akaulizwa amezaliwa mwaka gani. Akajibu: “Nimezaliwa mwaka wa mbiru.” Karani akamwambia mwaka huo haumo katika karatasi yake. Bibi akalipa kwa fedha aliyokopa, akarudi kwa miguu.

Ndugu wanachama, karani yule alikuwa kijana, na pengine hakufundishwa. Lakini mwaka wa mbiru unajulikana. Mbiru lilikuwa jina la ushuru wa kale wa watawala wa Kipare, na katika wakati wa Mwingereza jina hilo likatiwa katika kodi mpya. Kodi ile haikuwa sawa kwa wote. Kila mtu alikadiriwa mali yake, na makadirio yalikuwa ya kubahatisha. Wananchi wakakataa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu yao waliteremka milimani mpaka Same, wakakaa pale kwa muda mrefu, bila ya silaha, wakidai kodi ile iondoshwe. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Mwishowe mbiru ikaondoshwa. Aliyekuwa mchanga mgongoni mwa mamaye siku zile, leo ana miaka 80 na zaidi. Huyo ndiye aliyeambiwa kuwa mwaka wake haumo katika karatasi.

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Wapare hawakukataa kodi kwa ajili ya uvivu wa kulipa. Walikataa kukadiriwa na mtu asiyejua walicho nacho. Na leo wazee wale wale, au watoto wao, wanakadiriwa tena, safari hii kwa upande wa kupewa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila ya malipo, lakini kwa mzee asiyejiweza. Msaada wa kaya maskini nao una mlango wa namna hiyo hiyo. Na nani asiyejiweza? Lazima akae mtu aamue: huyu ana kuku wawili, anajiweza, huyu ana mtoto mjini, anajiweza. Na pencheni ya mwezi huko bara ni ya aliyekuwa na mshahara. Mkulima aliyelima kahawa miaka hamsini, na kahawa yake ikaleta fedha za kigeni, hana mfuko wa kumlipa.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa wazee waliotimia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika hazina ya Zanzibar yenyewe. Haikuulizwa kama mtu ni maskini au tajiri, wala kama alikuwa mfanyakazi au mvuvi. Baadaye fedha hizo zikapandishwa zikawa shilingi 50,000.

Sisi ni chama cha upinzani, na twajua kuwa wengine hapa hawapendi kusikia jambo la serikali likisifiwa. Lakini mizani isiyo na haki humwangusha mwenye duka kabla ya mnunuzi. Jambo hili ni jema, tuseme ni jema. Wenzetu wa Upare, walioshinda mbiru, hawanalo. Tukilibeza kwa kuwa hatukulianzisha sisi, tutakuwa tumewabeza wazee wetu.

Bali kusifu si kunyamaza. Elfu hamsini ukizigawa kwa siku thalathini hazifiki shilingi 1,700 kwa siku. Zile elfu ishirini ziliganda kwa miaka na bei za vyakula zinapanda. Sisi tulio nyuma ya mizani tuliona kibaba kikipungua mwezi hata mwezi. Na mtu wa miaka 65, ambaye mgongo wake umekwisha kwa kupara mbata au kuvuta nyavu, angoje miaka mitano zaidi. Haya ni ya kudai, na tuyadai kwa sauti.

Liko na la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Tumemsikia mzee dukani kwetu akinong'ona kuwa anaogopa kuja mkutanoni, asije akakatwa fedha zake. Hatujui nani alimtia khofu hiyo, wala hatumtaji mtu. Lakini khofu hiyo hutoka katika kudhani kuwa pencheni ni zawadi ya chama. Si zawadi. Hazina ni ya wananchi wote, na mzee yule aliijaza kwa karafuu zake na ushuru wake kabla ya vijana wa leo kuzaliwa.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba milangoni. Akamshika mkono, akampa cha nyumbani kwake, kisha akaamuru apewe fungu katika Baitul-mali, yeye na walio mfano wake, kwani si uadilifu kutwaa kodi ya mtu katika ujana wake kisha kumtupa katika uzee. Hakumuuliza ni wa kundi gani. Alitazama kuwa alilipa, na kuwa amezeeka.

Basi, ndugu wanachama, twaomba tawi hili lifanye mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama awatazame wazee wa mtaa wake, wa chama chetu na wasio wa chama chetu, ajue nani ametimia miaka 70 na hajaandikwa. Pili, asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kukipata mapema, angali ana mashahidi walio hai. Tusingoje mpaka naye aambiwe kuwa mwaka wake haumo katika karatasi. Tatu, chama chetu kitamke wazi kuwa siku kitakaposhika serikali hakitamwondoa mzee yeyote katika daftari kwa sababu ya kura yake, na kwamba kitadai kwa ajili ya wazee wa bara hayo hayo tunayoyataka kwa wazee wetu.

Mliuliza Upare na sisi wapi na wapi. Jawabu ni hii: wao walitufundisha kuwa watu wanyonge wakikaa pamoja kwa subira huweza kuikataa dhulma ya makadirio. Sisi nasi tunacho cha kuwaonyesha: kuwa mzee aweza kulipwa kwa umri wake tu, bila ya kuhesabiwa kuku. Umri hauhitaji mkadiriaji.

Tumesema tuliyokuwa nayo. Penye kosa mtusamehe, na penye haki mtuunge mkono.