Usisimulie Kitabu, Jenga Hoja

[MUZIKI WA KUFUNGUA, UNAPUNGUA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na wadogo zangu wa sekondari mnaojiandaa na mtihani. Insha ya fasihi inawaangusha wengi kwa sababu moja: wanaambiwa wachambue, wao wanasimulia. Mwalimu kitabu amekwisha kukisoma. Anataka kujua wewe umeona nini ndani yake.

Tuchukue Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016, ambayo mambo yake yanatokea hapa hapa Bujumbura, mtaa wa Kinanira. Tuseme swali ni hili: Gaby anapotezaje utoto wake?

Kwanza, andika dai lako kwa sentensi moja. "Gaby aliteseka" halitoshi, maana hakuna atakayebisha. Andika hivi: "Utoto wa Gaby unaanza kuondoka kabla ya vita, siku anapogundua kwamba haki yake inaweza kumuumiza mwingine." Hapo mtu anaweza kukupinga, kwa hiyo una kazi ya kumthibitishia.

Pili, leta ushahidi. Kumbuka ile baiskeli. Gaby anaibiwa, inafuatwa hadi vilimani, inakutwa kwa familia maskini iliyoinunua. Inachukuliwa, lakini Gaby anabaki na aibu. Sentensi mbili tatu zinatosha, usitusimulie safari nzima.

[MUZIKI MFUPI]

Tatu, eleza maana yake. Alama nyingi ziko hapa. Kwa nini mwandishi ameweka aibu hiyo kabla ya Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa? Pengine anataka tuone kwamba ukuta kati ya mwenye nacho na asiye nacho ulikuwepo hata mji ulipokuwa umetulia. Kisha jiulize mwenzako angekupinga vipi, umjibu katika aya inayofuata.

Kama kitabu ni kimoja, kaeni watano, mmoja asome kwa sauti, wengine waandike.

Na msidhani kazi hii inaishia kwenye mtihani. Sisi tuliokimbia tunajua uvumi unavyoweza kuhamisha kijiji kizima usiku mmoja. Kijana aliyezoea kuuliza "ushahidi uko wapi?" habebwi ovyo na maneno ya bombani.

Wiki hii, andika dai moja tu, umsomee rafiki. Akikubali upesi mno, liandike upya.

Usiku mwema.

[MUZIKI WA KUFUNGA]