Gari Haliwaki? Anza na Vichwa vya Betri

Msikilizaji, umezungusha ufunguo asubuhi. Injini haiwaki. Unasikia ta-ta-ta tu, na taa za dashibodi zinafifia.

Usikimbilie kununua betri mpya. Fungua boneti kwanza. Tazama vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Je, kuna unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia umeme. Betri yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, na inauma kuona mtu akitoa pesa zake kwa sababu ya uchafu.

Zima kila kitu. Vaa glavu, maana unga huo huunguza ngozi. Legeza waya wa hasi kwanza, wenye alama ya kutoa. Nasema tena: hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, cheche zitaruka, na betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo sigara iwe mbali.

Ukishatoa waya zote mbili, mwagia vichwa maji ya moto kidogo, sugua kwa brashi ya waya, kausha. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza waya mpaka zisicheze.

Bado ta-ta-ta? Mwite fundi umeme wa magari, na mwambie apime betri na alteneta kabla hujanunua chochote.