Likizo Isiyo na Haraka

Jioni moja hapa Isiolo mama watoto nasi tuliketi kupanga likizo ya siku tano kisiwani Lamu. Tulijaza karatasi nzima: ngome, jumba la makumbusho, Shela, magofu ya Takwa, kila jambo na saa yake. Mtoto wetu akaisoma, akauliza, “Baba, huko nako ni kazi?”

Tulinyamaza. Kule Lamu punda hubeba mizigo vichochoroni polepole, nasi twataka kukimbia!

Usiku ule tukamkumbuka Yohana katika kisiwa cha Patmo, huko Ugiriki. Leo wageni huenda huko kustarehe. Yeye alikuwa huko katika mateso. Hata hivyo, siku ya Bwana aliisikia sauti (Ufunuo 1:9-10). Je, sisi tungeisikia?

Bwana Yesu aliwaita wanafunzi wapumzike, walipokosa hata nafasi ya kula (Marko 6:31). Basi tulifuta nusu ya karatasi. Tutavuka kwa mashua kutoka Mokowe, tuketi ufukoni na watoto, tusikilize.

Ndugu, nawe uliketi lini na watu wa nyumbani mwako bila haraka? Mungu awabariki. Amina.